Sauti Yako Niliyoipeleka Redioni

Mwanangu Ndinda,

Sina haja ya kukuuliza kama u mzima, kwa maana nakuona dirishani. Umekaa kwenye kizingiti cha jikoni unasugua viatu vya safari, na Susu, mama yangu, amekaa kando yako akikuambia kwamba hivyo viatu vitapasuka kabla ya kuiona Kisumu. Mimi niko sebuleni na kalamu. Watu wawili wa nyumba moja, ukuta mmoja kati yao, na mmoja anamwandikia mwenzake barua kana kwamba yuko ng'ambo. Ingekuwa ni nyumba ya mtu mwingine, hiyo ningeitumia kuchekesha watu kwenye harusi.

Unaona? Hata salamu sijamaliza na nimeshaanza. Nivumilie, huu ugonjwa ni wa zamani.

Mambo ya blanketi, ndoo na wezi wa simu umeshaambiwa na Susu, na shangazi yako wa Kibwezi ameyarudia yote kwa simu, kwa sauti ambayo haikuhitaji simu. Mimi sitaongeza. Ninaandika kwa sababu jana ulinunua laini mpya, ukampa Susu namba, ukamwambia asinipe. Aliniambia mwenyewe, unajua mama yangu hawezi kuficha kitu. "Amesema usipewe," akaniambia, "na mimi sitakupa." Sikumbembeleza. Nilimaliza chai yangu nikatoka nje kuangalia mbuzi ambao hawakuhitaji kuangaliwa. Lakini kesho jua likichomoza utakuwa umeenda, na nakuambia wazi kwamba naogopa. Naogopa sitaisikia tena sauti yako.

Nilichokifanya unakijua. Kitui inakijua na Makueni pia, kwa sababu nilikifanya na maiki mkononi. Lakini hujui kilianzaje kwa upande wangu, na ningependa ukisikie kutoka kwangu kabla hujakihesabu kuwa ni chuki. Haikuwa chuki hata siku moja.

Ulikuwa darasa la pili. Mama yako alikuwa na kofia ya kanisa, ile ya ukili yenye ua la zambarau, aliyokuja nayo kutoka kwao Kibwezi, na hapa Kyuso hakukuwa na mwanamke mwingine mwenye kofia kama ile. Alikuwa ameianika uani. Mimi nilikuwa nanyoa ndevu. Ukaja mbio, ukasimama mbele yangu, ukitaka kuniambia kwamba mbuzi ameingia uani, na neno likakataa kutoka. Ulikunja ngumi, ukafumba macho, ukalisukuma. Nikakungoja, wembe ukiwa hewani. Ulipofika mwisho wa neno "mbuzi", mbuzi naye alikuwa amefika mwisho wa kofia.

Mama yako alicheka siku hiyo, na wewe ulicheka, hilo nalikumbuka vizuri. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kichekesho hicho kilikuwa chetu sisi watatu, na kingebaki hapo tungekuwa nacho hadi leo.

Halafu Jumamosi moja, kule redioni Kitui nilikokuwa na kipindi, mgeni wetu hakufika na nikabaki na maiki na dakika tupu. Mtu ambaye hajafanya kazi ya kuchekesha hawezi kujua ukimya wa redio unavyotisha. Nikaisimulia ile ya kofia, na nikakuiga. Simu zikaanza kulia kabla sijamaliza. Wiki iliyofuata wakataka tena, kwa hiyo nikatunga Ndinda anaenda kwa chifu, Ndinda anaombea chakula mpaka ugali unapoa, Ndinda anamwita daktari. Hata jina langu nililopewa na wazazi likasahaulika, nikawa Baba Ndinda kila mahali. Kwenye harambee watu walinipokea kwa kuniigizia wewe.

Hujawahi kujua ninavyovitengeneza hivyo vichekesho. Mnadhani vinanijia tu. Mimi hujifungia chooni, kwa sababu kile choo kina mwangwi mzuri, nikajaribu sauti moja mara nyingi, na mama yako alizoea kuwaambia wageni, "Yuko ofisini." Siku ya kazi siwezi kula, na lazima soksi moja iwe imevaliwa ndani nje, sijui kwa nini, nilishaivaa sawasawa mara moja kule Mwingi na hakuna aliyecheka. Hayo ni mambo madogo. Jambo baya ni kwamba mtu akiongea nami, hata akilia, kuna mtu mwingine ndani yangu aliyesimama kando akipima kama hii itachekesha. Mchungaji akiniombea, yule mtu anaangalia mchungaji anavyovuta pumzi. Nimejaribu kumfukuza na hatoki. Yeye ndiye aliyekuwa akikuangalia pale uani na wembe hewani, na mimi nikadhani ni baba yako anayekuangalia.

Mama yako aliona mapema. Siku moja jioni alikuwa anachambua ndengu, akaniambia bila kuinua kichwa, "Huyo mtoto anakuskia, Baba Ndinda. Hata shuleni wanamfanya hivyo unamfanya."

"Ni kazi tu," nikamjibu. "Na watu wanampenda."

"Wanampenda huyo wako. Huyu wangu hajaongea tangu Jumatatu."

Nilicheka. Nilidhani ametunga kichekesho kizuri, na nikamwambia hivyo. Aliendelea kuchambua ndengu zake. Siku zile ulikuwa umeanza kuonyesha chumvi kwa kidole badala ya kuiomba, na mimi nilijisifu kwa marafiki zangu kwamba nina mtoto mwenye adabu, hapigi kelele mezani. Nilikuwa na mtoto aliyenyamaza ndani ya nyumba yangu na nikaita hiyo adabu.

Kitu kingine kinanisumbua. Ulipozaliwa nilikuita Mwaitu, yaani mama yangu. Kwetu binti wa kwanza hubeba jina la mama ya baba, na baba huyo humwita mama na kumheshimu kama aliyemzaa, hata akiwa bado ananyonya. Kabla hujatambaa nilikuwa nabisha mlango ukiwa umelala. Mama yako alinicheka sana kwa hilo. Sijui ni lini nilitoka pale nikafika redioni. Hakuna siku niliyoamua, ndiyo maana nakuambia usitafute siku kama hiyo.

Sasa nifike siku ya mazishi ya mama yako. Nimezunguka kama ng'ombe anayeogopa josho, lakini lazima nifike.

Ulikuwa umejizoeza kusoma maneno yako ya kumuaga. Nilikusikia nyuma ya zizi ukiwasomea mbuzi, jioni zote zile ambapo watu walikuwa wanakuja kutupa pole. Shangazi yako alitaka asome yeye, ukakataa kwa kichwa. Alikuwa mama yako, na wewe ndiye mtoto wetu wa pekee, nani mwingine asome? Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na sijalala tangu hospitali walipotuita kutuambia kwamba figo zake zimeshindwa. Ukasimama na karatasi. Ukasema, "Mama yangu," na neno la tatu likakataa.

Sitaandika lilivyosikika. Nimeliiga vya kutosha.

Mtu mmoja kwenye hema la nyuma akacheka. Usimchukie, Ndinda, hakuwa mtu mbaya. Miaka yote sauti ile ilikuwa inamfikia Jumamosi asubuhi akinywa chai, na alikuwa ameshafundishwa kwamba akiisikia, acheke. Aliyemfundisha ni mimi. Kicheko kikashika mstari mmoja, kikashika mwingine, akina mama wa kwaya wakaziba midomo kwa leso. Wengine walidhani tumepanga, mimi na wewe. Na wewe hukuwaangalia wao. Uliniangalia mimi.

Nikuambie kitu kuhusu babu yako ambaye hukumkuta. Alikuwa akirudi kutoka sokoni na hasira, na aliyekuwa mlangoni ndiye aliyepigwa. Nilipokuwa mdogo niligundua kwamba nikimwiga naibu wa chifu, anavyovuta suruali kabla ya kuhutubia, baba anacheka na kusahau fimbo. Tangu hapo, mambo yakiharibika, mwili wangu unajua njia moja tu. Watu wakicheka, hakuna atakayepigwa. Kwa hiyo nilipoona umekwama pale na watu wanakucheka, nilisimama nikuokoe. Naapa kwa kaburi la mama yako, nilidhani nakuokoa.

Nikachukua maiki mkononi mwako. Na kwa sauti yako, mbele yako, nikasema Mama asiwe na haraka huko mlangoni mbinguni, kwa sababu Ndinda bado anasoma.

Walicheka mpaka wakalia. Mchungaji alinipa mkono na kusema nimewafariji wafiwa. Wafiwa ni akina nani, kama si wewe? Ulikaa chini, ukaikunja ile karatasi ikawa ndogo, na tulipofika kaburini ukaitupa pamoja na udongo wako wa kwanza. Kwa hiyo mimi sijui uliandika nini juu ya mama yako. Nimemzika mke wangu bila kusikia mtoto wake alisema nini juu yake, na sasa hakuna wa kumuuliza ila wewe, na sina haki ya kuuliza.

Susu alingoja mpaka wageni walipoondoka na mahema yakakunjwa. Halafu akaniita. "Hiyo jina ni yangu pia," akasema. "Leo umetusimamisha sisi wote wawili hapo, watu watucheke."

Usidhani niliacha hapo. Ningependa kukuambia hivyo lakini ungejua ni uongo, kwa sababu baada ya miezi kadhaa nilienda harusi moja Kibwezi na watu wa bwana harusi wakamtaka Ndinda. Niliwapa. Na kilichoniuma si kwamba ilitoka vibaya. Ilitoka vizuri kuliko siku zote. Nikaenda nyuma ya lori lililoleta viti, nikakaa chini na suti yangu, nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilikusikia wewe mwenyewe ukiongea sentensi nzima nyumbani. Sikuikumbuka. Sauti yako ilikuwa mdomoni mwangu na nyumbani kwangu haikuwapo. Nililia huko nyuma ya lori mpaka kijana wa viti akaniuliza kama nimekula kitu kibaya.

Tangu hapo sijaifanya. Redioni waliniambia bila Ndinda hakuna kipindi, na hicho ndicho kisa cha mimi kuwa nyumbani Jumamosi, nikiwapita kuku huku na huku. Si kwa wema. Niliacha kwa sababu nilikuwa nimechoka kuisikia sauti yangu mwenyewe.

Sasa nifike leo, halafu nikuache uoshe viatu.

Leo mchana nilitoka sokoni na kufuli ya sanduku lako. Nilipofika pembeni ya tangi nikasikia mtu anaongea nyuma ya nyumba. Nilidhani ni mgeni. Alikuwa anaongea kwa kirefu, anasimama, anaendelea, na Susu alikuwa anacheka kile kicheko chake cha kukohoa. Ni mpaka nilipochungulia ndipo nikajua ni wewe. Mlikuwa mnapepeta ndengu, na ulikuwa unaniiga mimi.

Ulikuwa umenipata, Mwaitu. Ninavyopokea simu kwa sauti ya MC halafu nikigundua ni mtu wa kunidai mchango wa kanisa nashuka taratibu mpaka nanong'ona. Ninavyotafuta miwani ikiwa kichwani, nikiwalaumu mbuzi. Ninavyosimulia kitu, watu wasipocheka nakirudia kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba shida ni masikio yao. Susu alikuwa ameweka ungo chini na kushika mbavu.

Na neno lilipokukwama, Susu alichukua tu ungo akapepeta kidogo, akakungoja bila kukuangalia usoni. Neno likaja. Likawa la kuchekesha zaidi kwa sababu lilichelewa. Mimi nimetumia miaka kujifunza kusubiri kabla ya neno la mwisho, na bado naliwahi. Nilikuwa nimesimama hapo na kufuli mkononi, nikijua kwamba katika nyumba hii mwenye kipaji si mimi.

Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, Mungu anisamehe, ni kwamba hiyo ya simu nitaitumia.

Halafu nikakohoa, ili mjue nipo. Ukanyamaza hapo hapo, katikati ya neno. Ukachukua ungo ukaendelea na kazi kama mtu ambaye hajaongea tangu asubuhi. "Umefika," ndilo neno pekee nililopewa. Hicho ndicho nilichovuna kwa miaka hii yote, kwamba mtoto wangu akinisikia nakohoa anafunga mdomo. Nimechekesha kaunti mbili na nyumbani kwangu nikiingia watu wananyamaza.

Nina machache ya kukuambia, na unaweza kuyatupa.

Susu ameniambia kwamba huko chuoni umejiandikisha kwa jina la Grace, lile la kanisani, na kwamba ulichagua Kisumu kwa sababu, hivi ndivyo ulivyomwambia, "Nataka mahali hawaskii hiyo redio yake." Ni sawa. Kuwa Grace mpaka utakapopumzika. Jina hili lingine liko hapa na mwenyewe bado yuko hai, analitunza. Ila kuhusu kazi ya kupima ardhi unayoenda kusomea nina swali moja. Kama unaipenda, nenda ukapime hadi mpaka wa Uganda. Lakini kama umeichagua kwa sababu ni kazi ambayo mtu anaweza kuifanya siku nzima bila kuongea, basi jua kwamba hilo pia nimekufanyia mimi, na usilikubali. Badilisha. Mimi sitauliza kwa nini.

Ukipata rafiki huko, au mwanamume, mwangalie neno likikukwama. Kuna wale watakaokumalizia, na watajiona wana roho nzuri. Mimi nilikuwa mmoja wao hata kabla ya redio. Usiolewe na mtu wa hivyo.

Na usiache kuchekesha kwa sababu yangu. Umezaliwa nayo, sijui kama ni zawadi au ni laana, lakini ni yako. Chekesha watu wenye uwezo wa kukujibu. Mimi niliacha naibu wa chifu, aliyekuwa mkubwa na mnene na anayeweza kunifunga, nikamchukua mtoto wa darasa la pili kwa sababu hangenijibu. Siku ukimtania mtu na ukaona amekaa kimya, usijiambie ameipenda. Acha pale pale, hata kama ukumbi mzima umesimama.

Kesho sitakusindikiza mpaka steji. Susu atakupeleka na mtu wa bodaboda. Usifikiri sitaki kuja. Nimeifikiria tangu wiki jana. Unajua nikifika pale makanga wa matatu watapiga kelele, "Baba Ndinda, tufanyie Ndinda kidogo," na wewe utakuwa umesimama hapo na sanduku lako. Sitaki hicho kiwe kitu cha mwisho utakachosikia Kyuso. Baba mwingine yeyote wa hapa anaweza kumbebea binti yake mzigo mpaka steji. Mimi nitabaki mlangoni, na ukipita nitakuona, na huhitaji kugeuka.

Namba yangu haijabadilika na sitaibadilisha. Sitamwomba Susu namba yako, na yeye habembelezeki, nimeshamjua. Labda utapiga mwaka huu, labda utapiga ukiwa na watoto wako, labda hutapiga. Kama siku moja utataka kuniambia kile ulichotaka kusema juu ya mama yako, sema hata kikichukua siku nzima. Sitakumalizia neno lolote. Sitacheka, sitakohoa, sitasema "ee" wala "endelea". Kwa hiyo ukipiga, na upande wangu ukawa kimya kabisa, usidhani simu imekatika. Ni mimi, nasikiliza.

Baba yako